Nyota nzito hukua vipi ilhali mwanga wake unafukuza gesi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili huku Kasarani. Nikifundisha kuzaliwa kwa nyota husema hivi: wingu la gesi hujikunja kwa graviti, kiini hupata joto, haidrojeni huanza kuungua, nyota huwaka, kisha mwanga wake hufagia gesi iliyobaki. Mwanafunzi wa kidato cha nne akaniuliza: kama mwanga unafagia gesi, hizo nyota zenye uzito wa Jua ishirini au thelathini zilifikaje hapo? Je, kuna mahali pa karibu ambapo jambo hili linaonekana likitendeka? Na Jua letu lilizaliwa jirani na nyota kama hizo?"

Jibu: Mwalimu, mpe hongera mwanafunzi huyo. Swali lake limewashughulisha wataalamu tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu hesabu zilikuwa upande wake: kwenye karatasi, nyota kubwa hazikupaswa kuwepo.

Maelezo unayotoa darasani yanakaribia ukweli kwa nyota kama Jua, isipokuwa hatua ya mwisho ya kufagia. Nyota ya ukubwa huo hula kwanza, huwaka baadaye. Gesi humwagika juu yake kwa miaka laki kadhaa, chakula kinakwisha, kisha inaendelea kujikunja polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka hadi kiini kipate joto la kuunguza haidrojeni. Wakati huo wingu lililoizaa limeshatawanyika.

Ukivuka uzito wa Jua nane hivi, mpangilio huo unavunjika. Graviti ya nyota nzito huikunja kwa haraka kiasi kwamba kiini kinafikia joto la kuunguza haidrojeni ndani ya makumi ya maelfu ya miaka tu, na gesi bado inaanguka. Kwa hiyo inawaka ikiwa ingali mezani. Hili ndilo ningependa liingie kwenye somo lako kabla ya mengine yote, kwa sababu linabadilisha swali lenyewe. Nyota nzito haina utoto wa kukaa gizani ikisubiri kuiva. Sehemu kubwa ya uzito wake huipata ikiwa tayari ni tanuri kamili. Cha kuuliza, basi, ni gesi inapitia wapi kuifikia tanuri hiyo.

Tuanze na nguvu ya huo msukumo, maana mwanafunzi wako hakosei kuuogopa. Mwanga wenyewe hausukumi gesi ya haidrojeni kwa nguvu ya kutisha. Kinachoukamata ni vumbi. Katika mawingu ya angani vumbi ni kama asilimia moja tu ya uzito wote, chembe ndogo mno za madini na kaboni, lakini kila chembe hunyonya mwanga wa urujuanimno, husukumwa nje, na huburuta gesi iliyo karibu nayo. Kisha chembe hiyo hupata joto na kutoa mwanga wa infraredi, ambao nao husukuma chembe nyingine iliyo mbali zaidi. Nyota yenye uzito wa Jua 20 hutoa mwanga makumi ya maelfu ya mara kuliko Jua. Richard Larson na Sumner Starrfield walipopiga hesabu mwaka 1971, na Franz Kahn mwaka 1974, waliona gesi ikigeuzwa na kurudishwa nyuma nyota inapofika makumi machache ya Jua. Lakini angani kuna nyota zinazozidi uzito wa Jua mia. R136a1, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, inakadiriwa kukaribia Jua 200.

Hesabu hizo hazikuwa na kosa la hisabati. Zilikuwa na sharti moja lililorahisisha mambo: gesi inaanguka sawasawa kutoka pande zote, kama kwamba wingu ni mpira usiozunguka. Mawingu halisi huzunguka, japo polepole sana. Na gesi inayozunguka, ukiikunja, haiwezi kuanguka moja kwa moja katikati. Huongeza kasi ya mzunguko na kutandaa kuwa diski bapa kuizunguka nyota. Sheria ya uhifadhi wa momenti ya mzunguko ndiyo inayofanya kazi hapo.

Sasa fuata chembe moja ya vumbi. Inaanza katika wingu lenye baridi ya nyuzi selisiasi 260 chini ya sifuri. Inasafiri na gesi yake hadi kwenye ukingo wa diski, na hapo msongamano wa vumbi lililotangulia mbele unaikinga na mwanga wa nyota. Inaendelea kuingia ndani huku ikikingwa, joto likipanda. Likifika nyuzi 1,500 hivi, chembe inageuka mvuke na kuisha. Gesi iliyokuwa nayo inabaki bila vumbi, na gesi isiyo na vumbi huacha mwanga upite bila kuukamata sana. Inavuka sehemu ya mwisho na kutua juu ya nyota.

Na mwanga unakwenda wapi? Unatokea juu na chini, kwenye ncha mbili za mhimili, ambako hakuna diski. Huko kuna njia iliyokwisha kufunguliwa, kwa sababu nyota changa hurusha mikondo ya gesi yenye kasi kubwa kupitia ncha hizo na kutoboa wingu. Mwanga, kwa kawaida yake, hutoka penye upinzani mdogo. Kwa hiyo gesi inaingia kiunoni na mwanga unatokea utosini na miguuni, na mambo hayo mawili yanaendelea kwa wakati mmoja bila kuzuiana sana. Harold Yorke na Cordula Sonnhalter walilionyesha hili kwa kompyuta mwaka 2002, na mwaka 2009 Mark Krumholz na wenzake wakalifanya katika vipimo vitatu kamili: hesabu yao ilizaa nyota pacha, mmoja ukiwa umepita uzito wa Jua 40, na mwanga haukuizuia gesi.

Hiyo ndiyo sehemu ya swali ambayo naiona imejibiwa vizuri. Iliyobaki, na ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni hii: chakula chote hicho kinatoka wapi?

Nyota ndogo hupokea kiasi cha sehemu moja kwa laki moja ya uzito wa Jua kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Nyota nzito huhitaji sehemu moja kwa elfu kumi, au hata moja kwa elfu. Hiyo moja kwa elfu ni sawa na kumeza sayari nzima ya Mshtarii kila mwaka, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kipande kimoja kidogo cha wingu hakiwezi kutoa shehena hiyo. Zaidi ya hapo kuna tatizo la pili: gesi baridi na nzito hupenda kuvunjikavunjika. Ukichukua wingu lenye uzito wa Jua mia na kuliacha lijikunje, kwa hesabu rahisi litakupa makumi ya nyota ndogo, wala si nyota moja kubwa.

Hapa ndipo wataalamu wamegawanyika. Christopher McKee na Jonathan Tan walipendekeza mwaka 2002 na 2003 kwamba kuna viini vikubwa vya gesi vinavyoshikiliwa na msukosuko wa ndani na nguvu za sumaku visivunjike, na kila kimoja hujikunja kikazaa nyota moja nzito au pacha. Ian Bonnell na wenzake wao walisema tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba mbegu zote huanza zikiwa ndogo, ila zile zilizoketi katikati ya kundi, ambako gesi yote inaelekea, hula kuliko jirani zao.

Darubini ya Herschel, iliyorushwa angani mwaka 2009, iliongeza picha iliyobadilisha mjadala. Ilionyesha kwamba mawingu haya si mafungu ya duara. Ni nyuzi ndefu za gesi, na nyuzi kadhaa zikikutana, hapo kwenye makutano ndipo nyota nzito hupatikana. Mkazi wa Nairobi hahitaji maelezo marefu: Mto Mathare na Mto Ngong huingia Mto Nairobi mashariki mwa jiji, na baada ya hapo mto ni mkubwa kuliko kijito chochote kilichouzaa. Ukubwa wa mto hauamuliwi na mahali unapopimwa. Unaamuliwa na eneo lote linalomwaga maji huko.

Mimi naegemea upande huo wa makutano, na nitakwambia sababu. Nadharia ya viini vikubwa inatabiri kwamba tukitafuta vya kutosha tutapata vingi ambavyo ni vizito, baridi na bado havina nyota ndani. Vimetafutwa kwa ALMA, mtandao wa antena 66 ulioko kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, kimo cha mita 5,000, katika mawingu meusi yaliyo katika hatua za mwanzo kabisa. Vinavyopatikana kwa wingi ni viini vidogo. Vizito vya namna ile ni adimu, na baadhi, vikitazamwa kwa makini zaidi, vimekutwa tayari vina nyota changa iliyofichika. Ukweli huo unaeleweka vyema zaidi ikiwa nyota na kiini cha gesi kinachoizaa hukua pamoja, vikilishwa kutoka mbali. Hata hivyo pande zote mbili zinaihitaji ile diski, kwa hiyo usiogope kuifundisha.

Sasa kuhusu mahali pa karibu. "Karibu" kwa nyota nzito si karibu kama kwa nyota ndogo. Mawingu ya Taurus yako miaka ya nuru 450 hivi kutoka hapa, na yanazaa nyota ndogo kwa wingi, lakini nzito hakuna, maana gesi yake ni nyembamba na imetawanyika. Nyota nzito ni adimu: katika kila nyota mia zinazozaliwa, isiyofika moja ndiyo inayozidi Jua nane. Zaidi ya hayo huishi haraka, miaka milioni chache hadi makumi ya mamilioni, ilhali maisha yote ya Jua ni miaka bilioni kumi hivi. Ili uzikute zikizaliwa lazima uende kwenye kiwanda kikubwa, na kilicho karibu zaidi ni Nebula ya Orion, miaka ya nuru 1,300 hivi.

Na sisi tumebahatika. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, na ule mstari wa nyota tatu za mshipi wa Orion, kundinyota ambalo vitabu vingine huliita Jabari, hupita karibu kabisa na utosi wetu. Mwezi wa Januari, kati ya saa tatu na saa tano usiku, mwambie mwanafunzi atazame juu, kisha ateremshe macho kidogo upande wa kusini wa mshipi. Ataona nyota chache zimepangana kama upanga. Ya katikati ina ukungu. Katikati ya jiji taa zitamsumbua, lakini hata hivyo darubini ndogo ya mkononi itamwonyesha. Ukipeleka klabu ya sayansi upande wa Magadi, ukungu huo unaonekana kwa macho matupu.

Ndani ya ukungu huo, kwa darubini ya wastani, kuna nyota nne zilizosongamana ziitwazo Trapezium. Iliyo kubwa kati yake, Theta 1 Orionis C, ina uzito unaozidi Jua 30, joto la nyuzi 39,000 hivi usoni, na mwenzake anayeizunguka kwa takriban miaka 11. Ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya urujuanimno unaoufanya ukungu wote ung'ae. Hapa mwanafunzi wako anapata haki yake: mwanga kweli hufagia, ila kwa njia nyingine na baadaye. Urujuanimno hung'oa elektroni kwenye atomu za haidrojeni, gesi inapanda hadi nyuzi elfu kumi hivi, inatanuka na kulipasua wingu. Darubini ya Hubble imeona diski za nyota ndogo jirani zikichomwa na kumomonyoka kwa mwanga huo. Nyota nzito inapomaliza kula, inawaharibia chakula wengine.

Lakini Trapezium imeshakomaa. Kinachozaliwa sasa kimejificha nyuma yake kidogo, katika wingu zito linaloitwa BN/KL, lisilopenyeka kwa mwanga wa kawaida. Eric Becklin na Gerry Neugebauer waligundua nyota ya kwanza huko kwa infraredi mwaka 1967. Jirani yake kuna kitu kinachoitwa Source I, na hapa naomba ukae nacho kwa muda, kwa sababu unaweza kukipima ubaoni. Mwaka 2019 Adam Ginsburg na wenzake, kwa kutumia ALMA, waliripoti kuona mvuke wa chumvi katika diski yake: sodiamu kloraidi, chumvi ileile ya mezani. Chumvi hiyo haionekani kwenye wingu la nje, inaonekana kwenye diski peke yake, kwa hiyo inaichora bila kuchanganya. Upande mmoja wa diski unakuja kwetu na wa pili unakwenda mbali, na tofauti ya mawimbi inatoa kasi. Kutoka kwenye kasi unapata uzito wa nyota: kama Jua 15.

Mpe darasa hesabu hiyo kinyumenyume. Dunia huzunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Weka Jua 15 katikati, na gesi iwe mbali mara 50 ya umbali wetu na Jua, ambao ndio ukingo wa diski hiyo. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha uzito kugawanywa kwa umbali, yaani kipeuo cha 15 kwa 50, mara 30. Watapata kilomita 16 hivi kwa sekunde. Kidato cha nne wanaiweza, na watakuwa wamepita njia ileile ya watafiti.

BN/KL ina jambo jingine. Nyota ya Becklin na Neugebauer inakimbia kwa zaidi ya kilomita 20 kwa sekunde, Source I nayo inaelekea upande mwingine, na gesi imesambaa kutoka hapo kama vidole vilivyokunjuliwa kwa ghafla. Ukirudisha mienendo yao nyuma, zote zilikuwa pamoja kama miaka 500 kabla ya hali tunayoiona. Nyota kadhaa zilikaribiana mno, zikarushana. Kwa hiyo nyota nzito hukua kwenye msongamano wa watu, na kugongana viwiko ni sehemu ya malezi yake. Ndiyo maana nyingi kati yake huishi mbili mbili.

Umeniuliza kama tunaziona zikila. Tunaziona, na hapa Afrika ina mchango mkubwa. Gesi ya methanoli iliyo karibu na nyota nzito changa hutoa mawimbi ya redio yaliyokuzwa, yaitwayo maza, ndugu wa leza, kwenye masafa ya gigahezi 6.7. Karl Menten aliyatambua mwaka 1991, na uzuri wake ni kwamba hupatikana penye nyota nzito peke yake. Darubini ya redio ya mita 26 ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, imeyafuatilia kwa miaka mingi. Mapema mwaka 2015 ikanasa maza za NGC 6334I, wingu lililo katika kundinyota la Nge, zikipanda ghafla. ALMA ilipotazama, nyota changa mojawapo ya hapo ilikuwa imeongeza mwanga takriban mara 70. Kipande kikubwa cha diski kilikuwa kimeanguka juu yake. Yaani chakula hakiingii kwa mtiririko wa kutulia. Huja kwa matonge.

Ghana iligeuza antena ya zamani ya mawasiliano kule Kuntunse kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa mwaka 2017, na maza za methanoli zilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuonwa. Antena ya Longonot, njia ya Naivasha, ina ukubwa uleule wa mita 32 na imo katika mipango hiyohiyo. Natamani sana kuiona ikifanya kazi. Darubini moja ya ikweta, inayoona anga za kaskazini na kusini, ingeziba pengo ambalo Ulaya na Afrika Kusini haziwezi kuliziba.

Kuhusu Jua. Ndiyo, ushahidi unaelekea huko, japo nyota yenyewe haijulikani na haitarajiwi kupatikana, maana ilikufa zamani. Ushahidi upo kwenye vimondo. Mwaka 1976 Typhoon Lee, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walikuta katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, mabaki ya aluminiamu-26. Aina hiyo ya aluminiamu hupungua nusu kila miaka laki saba hivi, kwa hiyo lazima ilikuwa imetengenezwa karibuni wakati Jua linazaliwa, na watengenezaji wakuu ni nyota nzito, kwa upepo wao au kwa mlipuko wao wa mwisho.

Na hapa sihitaji kukupeleka Mexico. Tarehe 16 Julai 2011 mawe ya kimondo yaliangukia mashambani karibu na Thika. Kimepangwa katika kundi la L6, na hiyo sita maana yake ni jiwe lililopikwa kwa mamia ya nyuzi ndani ya asteroidi yake, muda mfupi tu baada ya Jua kuanza. Jiko lililolipika, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni joto la aluminiamu-26 ikioza. Klabu yako ikitaka kuanza mradi, ningeanzia na jiwe hilo kabla ya Orion: waulize kwa nini asteroidi ndogo, iliyo mbali na Jua, ilipata joto kiasi hicho, na uwaache wapige hesabu.